Pedali Iliyosaga Sauti ya Bi Esha

Mmeniomba niandike kuhusu kazi, ninyi vijana mnaofunga spika Nachingwea na Ruangwa, nami nimekubali kwa sababu sina kazi nyingine. Nimestaafu nikiwa na miaka arobaini na saba. Hakuna aliyenistaafisha. Niliamka siku moja hapa Ruponda, nikazitazama waya zangu zilizokunjwa vizuri, nikajua sitazikunjua tena. Sitaeleza nilipata nini wala nilipandishwa wapi. Katika kazi yetu fundi hupandishwa mara moja tu, anapopanda juu ya gari la matangazo. Nitaeleza vifaa, watu wawili watatu, na jambo moja nililoliharibu. Mengine mtayapata kwenye simu zenu.

Nilipomaliza kidato cha nne nilikwenda kwa Fundi Mponda, aliyekuwa na kibanda cha kutengeneza redio karibu na soko la Nachingwea. Siku ya kwanza alinipa waya uliokatika ndani ya ganda lake, bila kuniambia umekatika wapi. Nilikaa nao tangu asubuhi nikiukunja kidole kwa kidole na kusikiliza kama redio itakoroma.

"Umeona?" aliniuliza adhuhuri.

"Bado, mzee."

"Endelea. Waya hauna haraka, mwenye haraka ni wewe."

Nililipata kosa saa tisa, pembeni kabisa mwa jeki, kile kichwa cha kuchomekea, mahali ambapo mwenye akili angeanzia. Mponda akasema sasa ninajua nusu ya kazi. Nikamuuliza nusu nyingine ni ipi.

"Kumwambia mwenye redio kwamba aliyeiharibu ni yeye, na aondoke akikushukuru."

Nilikaa kwake miaka mitatu, kisha miguu ikaanza kuniwasha. Babu yangu alitoka Songea kwa miguu kuja kulima karanga za Waingereza, na nadhani sisi hatujawahi kufika. Nilipiga gitaa kwenye bendi moja mpaka bendi ikafa. Nilifunga mitambo ya harusi Masasi, nikarudi, nikahamia Ruangwa, nikarudi tena. Kila mahali nilipokuwa nilipakumbuka pale nilipotoka, na nilipoparudia nilikuta wameshapaka rangi nyingine.

Kesi ngumu zilikuwa nyingi. Harusi moja Ruangwa spika zilivuma kama nyuki tangu saa nane, na bibi harusi alikuwa njiani. Nilibadilisha waya zote, nikabadilisha mikseri, nikamlaumu mtu aliyeniazima mikseri. Mwisho nikafuata waya wa umeme kwa mkono, kama nilivyofundishwa, nikakuta tumechomeka sehemu moja na friji la soda la duka la jirani. Nilichomoa friji. Muziki ukawa safi, soda zikawa za moto, na lawama zikahamia kwa mwenye duka. Kumbukeni hilo: anza na umeme, kisha waya, kisha mashine, na mwisho kabisa binadamu. Mimi mwenyewe nilikuja kulisahau hilo la mwisho, kwamba binadamu naye yumo kwenye orodha.

Sasa pedali. Kulikuwa na mgeni mmoja aliyepima miamba upande wa Ruangwa, mpiga gitaa wa jioni. Nilimtengenezea kikuza sauti chake mara kadhaa, na alipokuwa anarudi kwao aliniachia pedali yake ya gitaa, kisanduku cha bati, ukubwa wa vipande viwili vya sabuni ya mche, chenye nobu sita za kuzungusha juu na swichi mbili za kukanyaga chini. Alikaa nami siku nzima akinionyesha.

Pedali nyingine za gitaa huikwaruza sauti au huirudisha kama mwangwi. Hii huikata. Inaipokea sauti, inaikatakata vipande vidogo sana, chembe, kisha inazimwaga upya unavyotaka wewe. Nobu ya kwanza ni ukubwa wa chembe. Ukiipunguza, gitaa linakuwa ufuta unaomwagwa kwenye sinia. Ukiiongeza, linakuwa watu wanaozungumza chumba cha pili: unajua ni watu, hujui wanasema nini. Nobu ya pili ni msongamano wa hizo chembe, ya tatu inazipandisha na kuzishusha, ya nne inazitawanya, ya tano ni mwangwi. Ya sita inachanganya sauti halisi na iliyosagwa. Ukiizungusha mpaka mwisho, sauti halisi haisikiki tena kabisa. Mimi niliizoea pale mwisho.

Kwa atakayekipata kifaa cha namna hii, ayajue haya. Adapta nyingi za redio za sokoni zina chanya katikati ya plagi; pedali inataka hasi katikati, na haikupi nafasi ya kukosea mara mbili. Pia inataka mkondo mkubwa. Adapta dhaifu itawasha taa na kukudanganya kwamba mambo ni mazuri, kisha sauti itaanza kutetemeka kama mzee anayevuka mto. Maiki usiichomeke moja kwa moja, ipitishe kwenye mikseri kwanza. Lakini ukizidisha sauti, chembe zinapasuka na huwezi kuzirudisha. Nobu ikikwaruza ni vumbi, na vumbi letu unalijua. Inahifadhi dakika chache za sauti ndani yake, hata ukizima. Na ukishikilia swichi zote mbili wakati wa kuipa umeme, inafuta kila kitu na kuwa kama ilivyotoka kiwandani. Mgeni alinionyesha hilo mara mbili. Nikamwambia hakuna mwendawazimu atakayesimama juu ya swichi mbili huku anachomeka umeme.

Muziki wa pedali hii hauna ngoma wala mashairi. Unatanda tu, kama ukungu wa asubuhi bondeni. Niliujaribu harusini mara moja, watu wakiwa wanakula. Mama mmoja akaniletea maji ya kunywa na kuniuliza kama nimeshikwa na malaria. Lakini redio moja ndogo ya huku iliupenda kwa kuuweka chini ya taarifa ya mvua na matangazo ya vifo, na hapo nikapata kazi ya kudumu. Nilizunguka na pikipiki yangu nikikusanya sauti: mashine za kukoboa, mvua ya bati, watu wakipepeta ufuta. Nilisaga kila kitu.

Ndivyo nilivyofika Narung'ombe msimu mmoja wa korosho, tairi ikapata pancha mbele ya nyumba ya Bi Esha. Alikuwa mzee, peke yake uani, anabangua korosho alizokaanga. Anaiweka korosho juu ya jiwe, anaipiga kwa kijiti cha chuma, anatoa kokwa, anachukua nyingine. Na alikuwa anaimba kwa Kimwera, polepole, pigo la chuma likiwa ndilo ngoma yake. Nilisahau tairi. Nikamwomba nimrekodi.

"Wewe kabila gani, mjomba?"

"Mngoni, bibi."

"Ahaa. Mababu zako waliiba mbuzi zetu, zikaisha. Sasa umekuja kuchukua sauti."

"Mbuzi ziliwanenepesha mababu. Sauti hainenepeshi, bibi."

"Ndiyo maana umekonda hivyo. Kaa, lakini ukae upande wa moshi, ndiyo adhabu yako."

Simu yangu ilikuwa imejaa video za harusi, nikapitisha maiki kwenye mikseri ndogo, nikarekodi ndani ya pedali. Niliona kuna majina ndani ya ule wimbo. Sikuuliza ni majina ya nani. Nilikuwa natazama taa ya kiwango isiwe nyekundu.

Nilifanyia kazi sauti ile miezi minne, na haijawahi kunitoka kazi nzuri kama ile. Pigo la chuma nililigeuza matone. Pumzi yake niliivuta ikawa wingu. Niliporudi Narung'ombe nilipitia kwake, akaniuliza huku anacheka bila sauti.

"Mjomba, majirani wanasema redioni ni mimi."

"Ni wewe, bibi."

"Mbona mimi sijisikii?"

"Umo ndani. Kama dawa kwenye uji."

"Dawa mgonjwa huambiwa ni ya nini," akasema, akaendelea kubangua. Sikumuuliza tena wimbo ulihusu nini, na yeye hakuwa mtu wa kuongeza neno asiloulizwa.

Alifariki mvua za masika zikiwa zinaanza. Nilikwenda kuzika, na siku ya tatu, baada ya dua, binti yake Somoe, aliyeolewa Masasi, aliniita pembeni. Ni mtu wa rika langu au amenizidi kidogo, mwenye maneno machache kama mama yake.

"Kaka, wewe ndiye uliyemrekodi mama?"

"Ndiye mimi."

"Akiimba ule wimbo wa kubangulia?"

"Huo huo."

Akakaa chini, nami nikakaa. Akaniambia mama yake alizika watoto watano kabla ya yeye kuzaliwa. Aliwazika kule kwenye mahame, kijiji cha zamani walichokiacha watu walipohamishiwa barabarani, na makaburi hayajulikani tena, msitu umeyala. Bi Esha hakuwataja maishani mwake mbele ya Somoe, maana aliona kumtaja mtoto aliyekufa mbele ya aliyebaki ni kumwonyesha njia. Lakini akiwa na korosho, akidhani yuko peke yake, aliwaimba mmoja mmoja, tangu wa kwanza hadi wa mwisho.

"Mimi nilikuwa nasikia nikiwa mtoto, nacheza nyuma ya nyumba," Somoe akasema. "Wawili nimewashika. Salumu, na Zainabu. Watatu wamenipotea. Baba amekufa, mashangazi wamekufa. Siku ya arobaini nataka mwalimu awaombee wote kwa majina, pamoja na mama yao. Hawajawahi kuombewa kwa majina. Umeitunza?"

"Iko salama, dada."

"Wallahi?"

"Wallahi. Nitakuletea."

Ningeweza kuileta kesho yake. Pedali ilikuwa Ruponda, na pikipiki ilikuwa na mafuta. Lakini nilipoiwasha nikakuta inavuma, mvumo mzito chini ya sauti ya Bi Esha, na nikaona aibu kumpelekea mfiwa sauti chafu. Fundi gani anampelekea mtu mama yake akiwa na mvumo? Basi nikaanza kutafuta kosa. Nilibadilisha waya. Nilifungua nobu nikapuliza vumbi. Niliihamisha mbali na inveta ya sola. Wiki tatu zilipita. Mwisho nikajua ni adapta, imechoka, nikaamua kuachana nayo na kutumia betri ya pikipiki kupitia kifaa cha kushusha volti. Mvumo ukaisha. Nilifurahi sana. Majina yalikuwa yanasikika wazi hata na ule mvumo. Nawaambia hivyo ili mjue wiki tatu zile zilikuwa za nani.

Hata siku ile mvumo ulipoisha, sikuchukua kalamu kuyaandika, wala sikuinakili sauti kwenye simu. Nilisikiliza kama kuna mvumo, nikazima.

Siku tano kabla ya arobaini niliondoka. Mnajua huku kwetu hakuna mzigo unaopanda pikipiki bila mpira. Tunachana tyubu kuukuu vipande virefu, tunavuta kwa nguvu zote, tunafunga fundo moja, na mzigo unafika hata barabara iwe mashimo matupu. Nimefunga kwa mpira spika, magunia, mbuzi, na mara moja mlango wa msikiti. Niliilaza pedali juu ya ubao pamoja na mikseri ndogo, nikaogopa mpira usije ukavunja nobu, kwa hiyo nikaupitisha upande wa chini, kwenye swichi. Nikauvuta sawasawa.

Nilipofika Ruangwa mjini nilisimama chini ya kibaraza cha duka lililofungwa. Nilitaka kujaribu kabla ya kuingia nyumba yenye msiba, nisije nikahangaika na waya mbele ya watu. Nilivaa spika za masikioni. Sikufungua mpira. Kwa nini nifungue, na nitafunga tena baada ya dakika moja? Nikachomeka umeme wa betri ya pikipiki.

Taa zote mbili ziliwaka nyekundu. Zikazima na kuwaka mara moja, mara mbili. Nilijua kabla ya ya tatu. Mkono wangu ulikuwa bado umeshika waya na haukuchomoa. Kisha zikawa nyeupe, na ndani ya masikio yangu kukawa na ukimya safi kuliko ukimya wowote niliowahi kuutengeneza.

Nilimpigia rafiki yangu fundi wa Dar es Salaam, anayejua mitambo hii kuliko mimi. Nilimweleza kila kitu. Aliniuliza maswali mawili, kisha akasema, "Hicho kimeenda, ndugu yangu. Kwenye chipu ile hakirudi." Nikakaa kibarazani mpaka mwenye duka alipokuja kufungua, akanitazama, akanipita, akafungua mlango.

Nilikwenda Narung'ombe siku ile ile. Nisifiwe kwa hilo tu, kama mnatafuta cha kunisifia. Somoe alikuwa anachambua mchele uani. Nilimwambia bila kuzunguka: imefutika, nimeifuta mimi, kwa mpira wa kufungia mzigo. Aliendelea kuchambua. Akatoa jiwe moja dogo, akalitupa.

"Hata kipande?"

"Kuna ile niliyowapa redio. Iliyosagwa."

"Iweke."

Nikaiweka kwenye simu. Aliisikiliza yote, dakika kumi na moja, mikono ikiwa juu ya ungo. Wingu likapita, matone yakapita. Mahali fulani katikati alisema, "Ni yeye," na sikuelewa amemjuaje.

"Hapa anasema nini?"

"Hasemi kitu, dada. Nimemkata."

"Huwezi kumrudisha? Wewe ndiye uliyemkata, si unajua ulivyomkata?"

Nikamweleza kwamba ni kama unga. Huwezi kuuliza ulitoka kwenye punje ipi. Akaitikia kwa kichwa, kwa upole, nami nikadhani yamekwisha. Kumbe alikuwa anafikiria njia nyingine.

"Uliusikiliza miezi minne."

"Ndiyo."

"Kila siku?"

"Karibu kila siku."

"Basi umenizidi mimi. Mimi nilisikia utotoni." Akainuka, akaingia ndani, akarudi na daftari la shule na kalamu. "Niimbie wewe. Sina haja na sauti yako. Nataka majina matatu."

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na kila kitu cha wimbo ule. Nilijua baada ya mstari wa pili anakohoa, na kwamba kuku anapita upande wa kushoto. Nilijua pigo la chuma la saba ni dhaifu kwa sababu korosho iliteleza. Nilijua pumzi yake kabla ya jina la tatu ina urefu gani, maana hiyo pumzi ndiyo niliyoigeuza wingu, wiki mbili nzima. Jina lenyewe lililofuata pumzi sikuwa nalo. Nililikata kila mara, lilikuwa linaniharibia wingu.

"Linaanza na Ha," nikasema mwishoni.

"Hamisi?"

"Sijui."

"Halima? Hassani? Hadija?" Alinitajia taratibu, akinitazama usoni baada ya kila jina, kama mtu anayejaribu funguo. "Hata mwanamume au mwanamke hujui?"

"Sijui, dada. Nisamehe."

"Nakusamehe," akasema, akafunga daftari. "Hao watatu sijui nani atakusamehe kwa niaba yao."

Hakulisema kwa ukali. Kisha akaniuliza kama nimekula.

Siku ya arobaini nilikwenda. Kabla ya dua Somoe alimwita mwalimu wa madrasa mlangoni, nami nilikuwa karibu nikisaidia kutandika mikeka, nikasikia. Alimpa karatasi. Mwalimu akaisoma, akauliza, "Hapa chini ya Zainabu pana nafasi tatu. Niseme nini? Niseme na ndugu zao?"

"Hapana," Somoe akasema. "Walikuwa na majina yao. Ukifika hapo nyamaza kwa muda wa jina moja. Kisha nyamaza tena. Mara tatu. Halafu endelea."

Wanaume tulikaa nje. Mwalimu alimwombea Bi Esha, akamtaja Salumu, akamtaja Zainabu, kisha akanyamaza. Akanyamaza mara ya pili. Watu wakaanza kuinua vichwa. Mzee mmoja nyuma yangu akakohoa kumkumbusha, na alipoona kimya cha tatu kimeingia akamnong'oneza jirani yake kwamba mwalimu siku hizi ameanza kuzeeka, anasahau.